Sare Spitz, Okota Shenzi

Tuongee ukweli kidogo. Kila dem na kila chali Nai saa hii ako na Japanese Spitz ama anasaka Spitz. Nyeupe, fluffy, inaoshwa kushinda mwenyewe. Ulipata jamaa Insta, mkakutana petro station, akatoa kaboksi, ukamtumia M-Pesa mkono ikitetemeka. Thao kwa thao, zimeenda. Miezi sita baadaye masikio imegeuka brown, mkia imenyooka, miguu inazidi tu kurefuka. Buda, hiyo si Spitz. Hiyo ni shenzi. Umelipa bei ya Spitz ukapewa shenzi, na kuna wasee Karen wanapeana shenzi legit, imechanjwa, bila kukudanganya ati nyanyake alitoka Tokyo.

Na wale wa Husky? Hiyo kitu wasee wa Siberia waliilea ivute mizigo kwa theluji, we umeifungia balcony Pipeline saa saba mchana. Ni roho gani hiyo? Pug nayo inakoroma ikiwa macho, juu walifinya pua mpaka hewa ikakosa njia. German Shepherd ikizeeka, hips zinaanza ngori na daktari anaanza kununua ploti. Shenzi haina hizo drama mob. Damu imechanganyika, magonjwa za ukoo zinapata shida kuishika. Hiyo ni sayansi, si mimi.

Hao wasee wa Karen ni KSPCA. Wanaokota dogi na paka zimetupwa, zimegongwa, zimechapwa, wanazitibu, halafu wanazitafutia mtu. Umbwa ikitoka huko imedungwa sindano na imefanyiwa ile opareshen ya kuzuia kuzaa. Lakini usidhani unaingia tu ukachagua ukaishia. Utahojiwa. Unaishi wapi? Landi anajua? Kuna fence? Umbwa italala wapi? Utaifunga chain? (Hapo jibu ni hapana, na usijaribu kuchekesha.) Halafu wanakam kwako kucheki kama gate inafungika. Wazae wa dem wako hawajawai kukuhoji hivyo. Kuna mabeshte zangu walilia ati hiyo ni madharau. Mimi naona iko sawa kabisa. Hiyo umbwa ishatupwa mara moja, wewe ni nani usiulizwe?

Yangu inaitwa Githeri. Mchanganyiko, unaget. Kuiita Simba ni kuchoma, coz kila umbwa ya ushago inaitwa Simba na hakuna hata moja imewai kutisha kuku. Brown, sikio moja imesimama, ingine imegoma. Na sikutaka papi, nilitaka mtu mzima. Skiza hii rada: papi inajua dunia kati ya wiki ya tatu na kama ya 14. Watu, watoi, kelele za mat, yote inazoea hapo. Ikipitia hiyo time ndani ya boksi ya yule jamaa wako wa Insta, unaweza pata dogi inaogopa hata kivuli yake maisha yote. Lakini yenye imekomaa, tabia unaiona hapo hapo. Zingine zilikuwa zinaruka kwa waya, zinapiga nduru. Githeri ikakam tu, ikaegemea goti yangu, ikatulia. Maneno ikaisha.

Kuileta Buru ndio ilikuwa movie. Konda wa 58 akaicheki, akacheki seat zake mpya, akasema inalipa ya mtu mzima. Nikalipa. Mat ina sabufa ya kutingisha mbavu, madem wamejificha nyuma ya handbag, Githeri imelala juu ya njumu zangu.

Sasa wazae. Uwi.

Buda aliuliza swali moja na bado anaiuliza: "Mbwa isiyobweka ni ya nini?" Akaenda akanunua kibao ya MBWA KALI, akaigongelea kwa gate na nyundo ya jirani. Chini ya hiyo kibao Githeri inasalimia jamaa wa gas, jamaa wa maji, na karao. Guka naye akapiga simu kutoka ushago na dawa: ipeeni pilipili iwe kali. Pilipili! Guka, hiyo inachoma tumbo, haiongezi akili. Ingine ni ati ifungwe chain mchana kutwa. Umbwa ya chain inakuwa na uoga na hasira, siku itaponyoka mtoi wa court ndio ataumwa. Lakini jaribu kueleza mtu ako na miaka 80. Mathe aliapa haitaingia kwa nyumba yake. Sai anaipea omena saa nne usiku akidhani siskii mfuniko ya sufuria.

Tukam kwa doo, coz umbwa ya kuokota si umbwa ya bure. Sindano ya rabies ni kila mwaka, na hapo usicheze. Karibu kila mtu anakufa na rabies aliipata kwa umbwa, 99 kwa 100, na Kenya ilijiwekea target ya kuimaliza ifikapo 2030. Usikam kutuangusha. Ukiumwa na umbwa yoyote, osha kidonda na sabuni na maji inatiririka dakika 15, halafu hosi mbio, si kwa miti shamba ya guka. Ongeza dawa ya minyoo, dawa ya kupe. Msosi iko chini: ugali na omena, matumbo siku za mshahara. Mabaki ya kibandaski sare, juu kitunguu ni sumu kwao, chocolate pia. Mifupa ya kuku imepikwa inavunjika vipande inadunga utumbo.

Flex sasa. Karura wanaruhusu dogi bora iko kwa kamba. Enda Sato asubuhi. Utapata masonko na breed zao za bei ya Vitz, zinavutana, zinabwekeana, mwenyewe anatoa jasho ndani ya leggings. Githeri inapita katikati pole pole, haina beef na mtu. Kuna mama akaniuliza ni breed gani. Nikamwambia Buru Buru Terrier. Akaitisha namba ya breeder.

So msee, wachana na huyo jamaa wa petro station. Ongea na landi kwanza, akikataa usiifiche kwa keja, utaumiza umbwa bure. Akikubali, shika njia ya Karen. Na ubebe fare ya watu wawili.