Hesabu ya Mlima: Kupanda Ukingo wa Elgeyo kwa Baiskeli

Barabara itokayo Kabarnet kwenda Iten, katika Bonde la Ufa nchini Kenya, huteremka kutoka vilima vya Tugen hadi kwenye daraja la Mto Kerio pale Chebloch, ambako maji yamechimba korongo jembamba ndani ya mwamba, kisha hupanda upande wa pili kwa kujipindapinda, ikapita Tambach, mpaka ikafika Iten, mji ulioketi juu kabisa ya Ukingo wa Elgeyo, takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Sehemu hiyo ya pili humwinua mwendesha baiskeli kwa zaidi ya mita 1,000, na uzuri wake na ugumu wake vimezaliwa na jambo moja, kwani ukoko wa dunia hapa ulivutwa pande mbili hata ukakatika, kipande cha katikati kikadidimia na kingo zikabaki juu. Migunga ya bondeni, joto linalokomaza maembe, na upepo wa baridi unaompokea msafiri huko juu vimetenganishwa na mwendo wa asubuhi moja tu.

Ukali wa mlima hupimwa kwa asilimia. Mwinuko wa asilimia 5 maana yake ni kwamba kwa kila mita 100 za kwenda mbele, barabara hupanda mita 5, na katika mpando huu zipo sehemu zilizo kali zaidi na nyingine ambapo mguu hupata nafuu kidogo. Iwapo barabara ingechongwa kufuata ukuta wa ukingo moja kwa moja, hakuna lori ambalo lingeipanda, sembuse baiskeli. Ndiyo maana wahandisi huirefusha kwa kona nyingi, wakibadilisha ukali kwa urefu. Kazi ya kuinua mzigo kutoka mtoni hadi mjini haipungui hata kidogo kwa kona hizo, bali hugawanywa katika vipande vidogo vidogo ambavyo injini au miguu inaweza kuvilipa. Wazo hili la kulipa deni lile lile polepole ndilo linaloeleza karibu kila kitu katika upandaji wa milima kwa baiskeli.

Deni lenyewe hukokotolewa kwa urahisi. Mwendeshaji mwenye kilo 65 aliye juu ya baiskeli ya kilo 10 anapaswa kuinua kilo 75, na kuziinua kwa mita 1,000 huhitaji nishati ya takriban kilojouli 736, kiasi kisichobadilika kwa ustadi, kwa ujana, wala kwa bei ya baiskeli. Kinachotofautiana kati ya mtu na mtu ni kasi ya kuitoa nishati hiyo, ambayo hupimwa kwa wati, yaani jouli kwa kila sekunde. Mtu mwenye mazoezi ya wastani anayeweza kudumisha wati 150 atahitaji dakika 82 kwa kazi ya kujiinua peke yake, na msuguano wa matairi pamoja na ukinzani wa hewa vikijumlishwa, muda huo hupita saa moja na nusu. Kwa hesabu hiyo hiyo, kila kilo moja ya ziada hugharimu zaidi ya dakika moja kufika juu. Lita moja ya maji ni kilo moja. Hivyo mtu aliyetumia mshahara wa miezi kadhaa kununua baiskeli iliyopunguzwa uzito kwa kilo moja, kisha akajaza chupa ya pili isiyo ya lazima, amerudi alikoanzia.

Katika tambarare hesabu ni nyingine kabisa, kwa kuwa adui mkubwa huko ni hewa, na nguvu inayohitajika kuipasua huongezeka kwa kasi mno kadiri mwendo unavyokua: mwendo ukizidishwa mara mbili, nguvu inayoliwa na hewa huzidi mara nane. Ndiyo maana waendeshaji wa mashindano hujificha mmoja nyuma ya mwingine, na mwenye mwili mkubwa na misuli minene hana hasara kubwa. Mlimani, ambako mwendo hushuka hadi kilomita 10 au 12 kwa saa, hewa karibu haina la kusema, kujificha hakusaidii sana, na kila mmoja hubaki na uzito wake. Mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalipofanyika Kigali mnamo Septemba 2025, kwa mara ya kwanza katika bara la Afrika, njia ya wanaume ya kilomita 267.5 haikutegemea mlima mmoja mrefu wa kutisha. Ilijaa vilima vifupi vilivyorudiwa tena na tena hadi jumla ya kimo kilichopandwa ikapita mita 5,000, na jumla hiyo iliwachuja sana washindani.

Baada ya kona za barabara, njia ya pili ya kugawanya deni imo ndani ya baiskeli yenyewe, nayo ni gia. Baiskeli nyeusi ya mizigo inayojulikana kote Afrika Mashariki ina uwiano mmoja tu kati ya gurudumu la meno lililo kwenye pedeli na friwili, yaani kile kigurudumu cha meno cha nyuma kinachovutwa na mnyororo. Tuseme la mbele lina meno 44 na la nyuma 20: kila mzunguko mmoja wa pedeli utaisukuma baiskeli mbele kwa karibu mita 5. Katika mwendo wa kilomita 10 kwa saa, miguu itazunguka mara 34 tu kwa dakika, na kila msukumo utakuwa mzito kiasi cha kumlazimisha mwendeshaji asimame juu ya pedeli na kuibebesha mizigo misuli ya mapaja na magoti. Baiskeli yenye gia nyingi, ikiwekwa kwenye gia ndogo kabisa ambapo meno ya mbele na ya nyuma yanalingana, husogea takriban mita 2.1 kwa mzunguko, hivyo kwa mwendo ule ule miguu huzunguka mara 79. Kazi ni ile ile, lakini imekatwa vipande vingi zaidi ya maradufu, na kila kipande ni chepesi. Anayeona haya kutumia gia ndogo akidhani ni ishara ya udhaifu hajaelewa kwamba gia ni kona za barabara zilizowekwa ndani ya mnyororo.

Njia ya tatu ni mwendo ambao mwendeshaji hujipangia, na hapa ndipo wengi huharibu. Misuli inayofanya kazi ndani ya kiwango ambacho mapafu na moyo vinaweza kukihudumia huendelea kwa saa nyingi. Ikivuka kiwango hicho, huanza kuzalisha nishati kwa njia isiyodumu, na uchovu unaofuata hauondoki kwa kupunguza mwendo kidogo. Kipimo rahisi ni mazungumzo: anayeweza kusema sentensi kamili bila kukatishwa na pumzi yumo ndani ya uwezo wake, na anayejibu kwa neno moja moja ameshaanza kukopa. Kwenye ukingo wa Elgeyo mkopo huo ni wa hatari zaidi kwa sababu mbili. Kwanza, bonde ni la joto, na katika mwendo wa polepole hakuna upepo wa kutosha wa kukausha jasho, hivyo mwili huchemka na kupoteza maji. Anayeondoka mtoni alfajiri hukwepa sehemu kubwa ya adhabu hiyo. Pili, hewa huzidi kuwa nyembamba kadiri mtu anavyopanda. Uwiano wa oksijeni katika hewa haubadiliki, ila kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake, hupungua, na huko Iten ni pungufu ya ile ya pwani kwa takriban robo, hivyo kila pumzi huleta oksijeni kidogo zaidi. Wakimbiaji huweka kambi Iten ili miili yao, kwa kuzoea uhaba huo kwa wiki kadhaa, iongeze chembe nyekundu za damu. Mgeni aliyefika jana kutoka Mombasa hana akiba hiyo. Hewa nyembamba ina faida yake kwa wanaokwenda kasi katika uwanja tambarare, na Eddy Merckx wa Ubelgiji aliifuata hadi Mexico City mwaka 1972 alipoweka rekodi ya kilomita 49.431 kwa saa moja, lakini kwa anayepanda Tambach faida hiyo haina maana yoyote.

Wapo waliopata njia ya nne. Nchini Burundi, kwenye barabara inayoshuka kutoka milima ya Bugarama hadi Bujumbura, kando ya Ziwa Tanganyika, vijana huteremsha mikungu ya ndizi kwa baiskeli za gia moja, na wakati wa kurudi hushika nyuma ya malori yanayopanda, wakaacha injini ilipe deni lote. Kwa mtazamo wa fizikia uamuzi wao hauna kasoro, maana hakuna mguu unaoweza kushindana na lori, na baiskeli ya gia moja katika mpando wa zaidi ya mita 1,000 ni mateso. Kwa mtazamo wa usalama ni kuchezea roho, kwani lori likisita ghafla kwenye kona, mkono ulioshika chuma hauna breki.

Kurudi chini nako kuna hesabu yake. Kilojouli 736 zilizolipwa wakati wa kupanda zimehifadhiwa katika kimo, na zote hudai kutoka wakati wa kuteremka. Sehemu huliwa na hewa, na iliyobaki hugeuka joto pale breki zinapominya rimu. Mwendeshaji anayebana breki mfululizo kutoka Iten hadi Tambach huipasha rimu moto kiasi kwamba tyubu inaweza kupasuka ndani ya tairi, ilhali anayebana kwa nguvu kabla ya kona, kisha akaachia kabisa barabara inaponyooka, huipa hewa nafasi ya kupoza chuma. Breki ya mbele ndiyo yenye uwezo zaidi, kwa kuwa uzito husogea mbele baiskeli inapopunguza mwendo, ila ikibanwa peke yake na kwa pupa juu ya kokoto zilizomwagika kutoka ukutani baada ya mvua, gurudumu huteleza. Ni busara kusimama Tambach, kushuka, na kusogeza kiganja karibu na rimu bila kuigusa. Ikiwa joto linasikika kabla ya ngozi kufika, baiskeli iachwe kivulini mpaka ipoe.