Mgonjwa wa ini na karatasi asiyoweza kuisoma

Mgonjwa wa saratani ya ini akimaliza vipindi vyake vya mionzi huruhusiwa kwenda nyumbani. Hapo ndipo uuguzi wenyewe unapoanza, na anayetwikwa mzigo huo ni mke, binti au mkaza mwana ambaye hajapata kukanyaga darasa la uuguzi. Mkononi ana mfuko wa dawa na karatasi iliyoandikwa kwa Kiingereza.

Niliyashuhudia haya mjomba wangu aliporudishwa nyumbani kutoka hospitali moja ambayo sitaitaja. Mkaza mjomba hakuweza kuisoma karatasi ile. Alichokuwa nacho ni neno moja alilolisikia kwenye foleni: kwamba mumewe "amechomwa". Basi akamtibu kama mtu aliyeungua. Alimpaka dawa ya meno ubavuni, pale ngozi ilipokuwa imeingia weusi, hata ikachubuka.

Sisi wanaisimu hupenda kusimulia kwamba "saratani" ni neno la Kiarabu lenye maana ya kaa, yule wa baharini. Ni habari tamu darasani. Lakini neno linalodhuru ni hilo la "kuchoma", kwani wako pia wanaoamini kwamba moto umebaki mwilini, wakamtengea mgonjwa kikombe na kuwakataza wajukuu wasimkaribie. Mionzi inayopigwa kwa mashine kutoka nje haibaki mwilini. Wajukuu na wapakatwe.

Ngozi ioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na marashi, ikaushwe kwa kugusagusa bila kusugua, kisha ifunikwe kwa nguo pana ya pamba isipigwe na jua. Chakula kiwe kidogo kidogo, mara 5 au 6 kwa siku. Mayai, samaki na maharagwe asinyimwe, ila chumvi ipunguzwe tumbo au miguu ikivimba. Pombe asiionje. Mitishamba nayo, hata ile yenye sifa njema kijijini, hupita katika ini lile lile linalougua. Vidonge vya ibuprofeni vyaweza kumtoa damu tumboni na kudhuru figo, na hata parasetamoli atumie kwa kipimo alichopewa na daktari wake tu.

Kuna jambo ambalo jamaa hawalijui kabisa. Kati ya wiki ya 2 na mwezi wa 4 baada ya tiba, ini laweza kudhurika kwa mionzi yenyewe. Kwa hiyo mgonjwa apimwe uzito kila asubuhi, na tumbo lizungushiwe utepe wa fundi cherehani. Mtu aliyekonda akiongeza kilo kwa ghafla, nyumba nzima hushangilia kwamba anapona. Kumbe ni maji yanayojaa tumboni. Vivyo hivyo akilala mchana na kukesha usiku, mikono ikatetemeka na maneno yakamvurugika, wapo watakaonong'ona habari za mapepo. Hiyo ni sumu ambayo ini limeshindwa kuichuja. Dalili hizo, au kutapika damu, choo cheusi kama lami, au homa, ni za kumkimbiza hospitalini siku hiyo hiyo.

Na macho yakigeuka manjano? Jamaa akipiga simu kusema mgonjwa ana "homa ya manjano", muuguzi atafikiria ugonjwa wa kuambukizwa na mbu. Aseme tu kwamba macho yamekuwa ya manjano.

Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Sheria ya Afya ya 2017 nayo yamtaka mhudumu, inapowezekana, amweleze mgonjwa katika lugha anayoielewa, kwa kuzingatia kiwango chake cha kusoma. Sheria tunayo, basi. Idara zetu za Kiswahili, ambazo huandaa makongamano kila uchao, zingeweza kuketi na wauguzi juma moja tu zikaandika karatasi hizi upya.

Ile ya mjomba niliitafsiri jioni moja, baada ya matanga, nikamsomea mkaza mjomba. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniomba nirudie pale palipoandikwa habari ya ngozi.