Kivumbasi Juu ya Jiko

Nikipita nyumba kwa nyumba hapa Otonglo kama mhudumu wa afya ya jamii, swali ninaloulizwa mara nyingi si la neti. Ni la kivumbasi, kile cha jamii ya mrehani ambacho kwa Kiluo wengi hukiita mieny au bwar. Je, kinafukuza mbu kweli, ama ni mambo ya wazee tu? Huwa najibu kwamba kinafukuza, na waliothibitisha walifanyia kazi yao papa hapa ziwani.

Watafiti waliokuwa katika kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe kule Mbita waliwauliza wenyeji kwanza, jambo ninalowaheshimu kwalo. Kisiwani Rusinga, asilimia 64.1 ya waliohojiwa walikitaja kivumbasi aina ya Ocimum americanum, na wengi wao walikuwa wakikichoma. Kisha watafiti wakajenga vibanda ndani ya banda kubwa la wavu, wakaachilia mbu aina ya Anopheles gambiae, ambao hueneza malaria, wakahesabu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2002.

Kuna sehemu ya matokeo hayo ambayo natamani kila mama aijue. Njia ya kwanza waliyopima ni ileile ya nyanya zetu, kuchoma majani mpaka yatoe moshi. Ya pili ilikuwa kuweka bamba la chuma juu ya jiko la makaa na kutandaza majani juu yake, yapate joto bila kushika moto. Aina iitwayo Ocimum suave ilipochomwa ilizuia asilimia 28 ya mbu. Ilipopashwa moto kwenye bamba, ilizuia asilimia 53.1. Majani ya mkaratusi wenye harufu ya limau yalishinda yote: asilimia 74.5 kwa bamba.

Kisa cha tofauti hiyo utakipata ukichuma jani na kulifikicha. Aina hiyo ya Ocimum suave hunukia karafuu, kwa sababu mafuta yake yana yujenoli, kitu kilekile kinachoipa karafuu ya Pemba harufu yake. Utafiti juu ya mmea huo kutoka Tanzania, uliochapishwa mwaka 1981, ulionyesha kwamba mafuta hayo yanawachukiza mbu. Joto la wastani huyatoa yakaenea chumbani. Moto huyaunguza kabla hayajafanya kazi, na wewe unabaki na moshi, ambao mapafu ya mtoto hayauhitaji kabisa.

Hata hivyo, sitamwambia mtu aingize jiko chumba cha kulala. Gesi ya makaa haina harufu, na imeua familia nzima zilizofunga madirisha zikalala. Bamba la kivumbasi ni la saa za jioni, mlango ukiwa wazi, watu wakila na watoto wakifanya kazi ya shule. Baada ya hapo jiko litoke nje, na kila mtu aingie chini ya neti yenye dawa, maana Anopheles huuma zaidi usiku wa manane.

Kwa asiyetaka jiko kabisa, watafiti haohao walijaribu mimea hai ndani ya vyungu. Kivumbasi kilichowekwa hivyo, bila kuchomwa wala kupashwa moto, kilizuia karibu asilimia 40 ya mbu. Mkebe wa zamani wa mafuta ya kupikia wenye udongo na mashimo chini unatosha, na mbegu hazinunuliwi.

Mama mmoja aliniuliza, "Sasa daktari, nikimchemshia mtoto akanywa, homa haitaisha?" Mimi si daktari, nilimwambia, na majaribio yale yalihesabu mbu, si vijidudu vya malaria vilivyo ndani ya damu. Mtoto mwenye homa apimwe damu ya kidole siku hiyohiyo. Kipimo ninacho mkobani, na dawa pia. Akichelewa siku mbili kwa kungoja majani, malaria inaweza kupanda kichwani.

Wala asilimia 53.1 isimlaze mtu bila neti. Mbu mmoja kati ya wale waliobaki anatosha kuleta ugonjwa.

Ninachotaka sasa ni hatua inayofuata: nyumba zenye kivumbasi pamoja na neti zilinganishwe na zenye neti pekee, na wahesabiwe watoto wanaougua, si mbu. Taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, iko Kisian, kwenye barabara hiihii ya Busia. Nyumba ziko, mmea upo, na kina mama wako tayari kupokea watafiti.