Nani Atazichora Ngara na Biharamulo?

Kijana wetu achukuaye shahada ya uzamili katika elimu ya uhalifu husoma sana habari za Chicago, mji ambao wataalamu wake waliuchora mtaa kwa mtaa katika karne iliyopita. Hatuna ugomvi na Chicago. Tunachouliza ni nani atakayezichora Ngara na Biharamulo.

Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa saa 24 hivi, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Ngara. Kambi ya Benaco ikawa mji kwa siku chache. Humo walilala pamoja aliyekimbia kuuawa na aliyeua. Jean-Baptiste Gatete, aliyewahi kuwa meya wa Murambi, alikuwamo. Mwaka 2011 Mahakama ya Kimataifa mjini Arusha ilimtia hatiani kwa mauaji ya kimbari. Wanyarwanda walio wengi walirudishwa kwao Desemba 1996; Warundi wa kambi ya Lukole wakabaki miaka mingi baadaye. Ikafika hadi mabasi kupita misitu ya Biharamulo kwa msafara, askari wenye bunduki wakiyasindikiza.

Nani basi alikuwa akiteka magari? Jibu la barazani ni moja: mkimbizi. Huenda. Lakini huo si ushahidi. Idadi ya waliofungwa haina maana mpaka ipimwe na idadi ya watu, maana wilaya iliyopata watu maradufu itapata na wezi zaidi, hata kama wote wangekuwa Watanzania. Aidha bunduki ina muuzaji, na ng'ombe wa wizi ana mnunuzi, ambaye si lazima awe mkimbizi. Operesheni Kimbunga ya mwaka 2013 ilisaka majambazi na wahamiaji haramu katika Kagera, Kigoma na Geita. Lakini operesheni huondoa watu, haijibu maswali hayo.

Wageni wametutangulia. Simon Turner wa Denmark alipata shahada ya uzamivu kwa utafiti wake miongoni mwa Warundi wa Lukole. Mmarekani Beth Whitaker aliandika ya kwake juu ya wakimbizi na wenyeji wao magharibi mwa Tanzania. Lakini uhalifu haukuwa somo lao. Mfano wa kufuatwa uko Kampala: Marshall Clinard na Daniel Abbott, katika kitabu chao cha mwaka 1973, walilinganisha mitaa miwili ya maskini, mmoja wenye uhalifu mwingi na mwingine wenye kidogo, wakatafuta sababu katika mahusiano ya majirani. Nasi twaweza kulinganisha kijiji kilichopakana na Lukole na kijiji cha mbali chenye umaskini uleule.

Ndugu zetu wa Unguja na Pemba watauliza yawahusu nini mambo hayo ya bara. Yawahusu: bandari nayo ni mpaka, na huko vilevile mgeni ndiye atajwaye kwanza jambo linapoharibika. Chuoni mwalimu alitufundisha herufi kabla ya sura. Herufi za elimu hii zimo katika majalada ya polisi na ya mahakama za wilaya hizo mbili, na ombi letu kwa maofisa wahusika ni dogo: mwanafunzi mwenye kibali akifika, afunguliwe kabati.