Friji Isiyopoza Vizuri

Kazi ya friji ni kuvuta joto lililomo ndani ya kabati na kulimwaga nje. Gesi husukumwa na kompresa hadi kwenye kondensa, yaani ule wavu mweusi wa nyuma, ikatoa joto lake hapo na kugeuka kimiminika. Kisha hupita kwenye bomba jembamba sana na kuchemka tena ndani ya koili za friza, ikivuta joto la vyakula. Mzunguko huo umefungwa kabisa, kwa hiyo gesi haipungui kwa kutumika. Hilo ni la kukumbukwa pale fundi anapofungua mlango, akatia mkono ndani na kutangaza kwamba gesi imeisha. Mara nyingi tatizo ni kwamba joto halitoki, au linarudi ndani.

Kwanza joto lipimwe. Mkono hudanganya: katika nyumba ya Dar es Salaam au Mombasa yenye nyuzi 32 za Selsiasi, chupa ya nyuzi 12 huonekana baridi kabisa, ilhali maziwa yaliyo kando yake yameanza kuchacha. Kipimajoto huzamishwa kwenye bilauri ya maji, ikakaa rafu ya katikati usiku kucha. Asubuhi kinapaswa kusoma nyuzi 5 au chini, na friza iwe karibu na -18. Kabla ya kuilaumu friji, kirekebisha baridi nacho kitazamwe, maana watoto hukizungusha wakitafuta maji. Kwenye friji nyingi namba kubwa ndiyo baridi zaidi. Aidha, friji iliyojazwa chupa za maji ya moto na sufuria la wali uliotoka jikoni sasa hivi itachukua saa nyingi kurudi ilipokuwa, na hapo hakuna ubovu wowote.

Kondensa ndiyo inayosahaulika kuliko kitu kingine chochote. Vumbi likichanganyika na mvuke wa mafuta ya kupikia huwa tabaka linalozuia joto kutoka, na kompresa hulazimika kufanya kazi bila kupumzika. Friji ichomolewe kwenye umeme, ivutwe mbele, wavu usuguliwe kwa brashi laini. Kila baada ya miezi mitatu au minne inatosha. Friji nyingi za kisasa hazina wavu wa nje kwa sababu mabomba yamefichwa ndani ya kuta za pembeni. Ubavu wake ukiwa na joto ni dalili kwamba inafanya kazi, lakini ikibanwa kati ya kabati na ukuta joto hilo halina pa kwenda. Iachiwe nafasi ya sentimita 10 hivi nyuma na pembeni, mbali na jiko na dirisha lenye jua.

Wanunuzi wa mitumba wana jambo jingine la kuangalia. Kwenye kibandiko kilichomo ndani, aghalabu karibu na droo ya mboga, huandikwa herufi za daraja la hali ya hewa. SN na N zimeundwa kwa vyumba visivyozidi nyuzi 32, ST hufika 38, na T hufika 43. Friji ya daraja N iliyotoka Ulaya, ikiwekwa kwenye jiko dogo la pwani mwezi wa Februari, itanguruma mchana kutwa na isipoze ipasavyo hata kama ni nzima. Hapo fundi hana la kutengeneza.

Mpira wa mlango hupimwa kwa noti. Noti hubanwa mlangoni, kisha huvutwa taratibu. Ikitoka bila kukinza, mpira umelegea mahali hapo. Jaribio lirudiwe pande zote nne. Mara nyingi kosa ni sharubati iliyokauka kwenye mikunjo, na maji ya vuguvugu yenye sabuni yanamaliza kazi. Mpira uliopinda hunyooshwa kwa kitambaa kilichochovywa maji ya moto. Uliopasuka hubadilishwa.

Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, na kila mlango unapofunguliwa unyevu huo huingia na kuganda kwenye koili. Barafu ikifika unene wa nusu sentimita huwa blanketi linalozuia baridi kutoka. Friji izimwe na iachwe iyeyuke yenyewe, labda kwa kusaidiwa na bakuli la maji ya moto. Kisu kisitumike kabisa: bomba la alumini ni laini, na hakuna njia ya haraka zaidi ya kuua friji nzima.

Kwenye friji za feni, zile zisizojenga barafu, dalili ni tofauti: juu kunagandisha, chini kuna joto. Huenda mifuko imeziba matundu ya hewa, feni imekwama, au barafu imejaa nyuma ya paneli. Friji ichomolewe, iachwe wazi kwa siku nzima. Ikipoza vizuri siku chache kisha tatizo likarudi, kinachoshukiwa ni hita ya kuyeyushia barafu, sensa yake au kitaima.

Kompresa inayolia "tak", ikanguruma sekunde chache na kuzima, inashindwa kuanza. Huenda rilei imekufa, au umeme ni mdogo, jambo la kawaida jioni kwenye mitaa yenye waya mrefu. Kifaa cha kulinda friji hukata tu umeme usiofaa na kuchelewesha kuurudisha. Kupandisha volti ni kazi ya stabilaiza. Umeme ukikatika, friji isubiri dakika tano kabla ya kuwashwa.

Yote hayo yakiwa sawa ndipo gesi ishukiwe. Kompresa huzunguka bila kusimama, kondensa haipati joto, na barafu hushika mwanzo wa koili tu. Kompresa iliyochoka huonyesha dalili zinazokaribiana na hizo, na fundi huzitenganisha kwa geji. Gesi ikiwa imepungua kweli, kuna tundu. Kazi sahihi ni kulitafuta, kuliziba, kubadilisha filta, kunyonya hewa yote kwa pampu, kisha kujaza gesi ileile iliyoandikwa kwenye kibandiko, kwa uzito uleule. Gesi ya aina ya R600a huwaka moto, na friji ya nyumbani hutumia makumi machache tu ya gramu zake, hivyo kukisia kwa macho ni hatari na ni kazi bure. Fundi asiye na pampu wala mizani asikabidhiwe kazi hiyo, na malipo yasubiri mpaka aonyeshe palipovuja.