Barabara Kabla ya Lami

Msomaji mmoja ameuliza kwa nini ramani za miji mipya, ya Dodoma ikiwamo, huanza na mistari ya barabara ilhali wananchi hudai kwanza maji, shule na zahanati. Jibu langu ni kwamba mahali ambapo mji haujajengwa, barabara ni huduma ya kwanza hata kabla ya kuonja lami, kwa kuwa ndiyo ngumu kuliko zote kuihamisha baadaye. Shule huvunjwa ikajengwa upya, bomba hufukuliwa likabadilishwa, lakini mstari wa barabara hung'ang'ania. London iliteketea mwaka 1666, na Christopher Wren akachora mji wenye njia pana zilizonyooka. Wenye viwanja wakadai mipaka yao ya zamani, na mji ukainuka kwa sehemu kubwa juu ya vichochoro vilevile. New York ilichora kabla ya kujenga: mwaka 1811 makamishna walichora mitaa 155 juu ya Manhattan, mingi ikikatiza mashamba na vilima. Majengo yamebadilika kizazi hadi kizazi, na mitaa mingi iko palepale.

Ardhi kiasi gani itengwe? Hapa ndipo hesabu inapokuwa tamu. Gawa mji kwa miraba ya kilomita moja kila upande, na kila mstari uwe barabara yenye hifadhi ya mita 30. Kila mraba una pande nne, ila kila upande ni wa miraba miwili, hivyo kilomita moja ya mraba hubeba kilomita mbili tu za barabara: takriban hekta 6 kati ya 100. Mkazi wa katikati kabisa yuko mita 500 kutoka barabarani. Na wa wastani? Juu ya kila nukta ya mraba simamisha mti wenye urefu sawa na umbali wa nukta hiyo hadi barabara iliyo karibu zaidi. Pembezoni urefu ni sifuri, katikati ni mita 500, na vilele vyote pamoja vinafanya piramidi. Ujazo wa piramidi ni theluthi ya kitako mara kimo. Basi wastani ni theluthi ya 500, yaani mita 167 hivi, mwendo wa dakika mbili au tatu kwa miguu. Tanua miraba iwe ya kilomita mbili: ardhi inashuka hadi asilimia 3, lakini wastani unapanda hadi mita 333, na wa katikati anatembea kilomita nzima. Ibane ile ya kilomita moja iwe ya nusu kilomita: umeokoa mita 83 za wastani, na umelipa hekta 6 zaidi katika kila kilomita ya mraba. Shlomo Angel wa Chuo Kikuu cha New York ameshauri gridi ya kadiri hiyohiyo, ya kilomita moja, kwa miji inayokua kasi, ya Ethiopia ikiwamo. Mabonde yatapinda mistari, na vituo vya basi haviwi kila hatua. Hesabu haivunjiki kwa hilo.

Wapo watakaosema ni ufujaji kuacha mita 30 zikae bure miaka 20. Lakini mwangalie fundi cherehani: anayeshona sare ya mtoto wa darasa la kwanza huacha pindo nene kwa ndani. Kitambaa hicho hakionekani, hakipendezi, na siku ya kukata hugharimu kidogo sana. Mtoto akirefuka, fundi hufumua uzi tu. Aliyekata kwa kipimo cha leo ataunga kipande cha rangi nyingine, na aliyeacha pindo chini akasahau kwapa ataona sare inapasuka kwapani. Barabara nazo hutaka nafasi kote, hasa kwenye makutano, ambako magari ya kukata kona hujipanga. Tanzania inajua bei ya kuchelewa. Sheria ya Barabara ya 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande, na nyumba zilizojengwa kihalali zikajikuta ndani ya hifadhi: ndizo zenye X ya kijani, za kulipwa fidia.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba njia pana huita magari, na nafasi tupu huita wavamizi. Lakini upana haulazimishi matumizi. Mabasi yaendayo haraka yaliyoanza Dar es Salaam mwaka 2016 yalipata njia zao katikati ya Barabara ya Morogoro kwa sababu nafasi ilikuwapo. Kwa kuanzia, mita 7 za changarawe zinatosha. Pembeni ipite mitaro ya mvua, miti, na bomba kuu la maji, ili likipasuka lami isikatwe. Wavamizi huzuiwa na bikoni zinazokaguliwa kila mwaka pamoja na fidia inayolipwa shamba likiwa bado shamba. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 Dodoma mjini. Ya 2022 ilihesabu 765,179. Kwa kasi hiyo, bajeti ya mwaka wa kwanza ya mji mpya iende kwa wapima ardhi, kisha ndipo wakandarasi waitwe.