Faili ya Masurufu: Mjane wa Kisiwani na Kumbukumbu za Mahakama ya Kadhi

Mama mmoja wa kisiwa cha Pate alitujia mwezi wa Rajabu akiwa na mfuko wa plastiki mkononi. Ndani yake mlikuwa na kitambulisho chake, cheti cha kifo cha mumewe, na kadi za kliniki za wanawe watatu, wino wake umefifia. Cheti cha ndoa hakikuwemo, kwa sababu hakikupata kuandikwa. Mwaka 1989 aliozwa na mwalimu wa kijijini, mbele ya walii wake na mashahidi wawili. Ndoa ilitimia kisheria, watu wakala pilau, wala hakuna aliyefikiri kuvuka bahari ili kuisajili. Mwalimu yule amekwisha fariki. Mashahidi wote wawili nao wametangulia. Na sasa ndugu za marehemu wanasema kwamba ndugu yao hakupata kumuoa mama huyu.

Uzito wa maneno hayo haufai kupuuzwa. Mjane ambaye mumewe ameacha watoto hurithi thumuni ya mali, lakini si thumuni pekee iliyo hatarini hapa. Mmoja wa wale watoto watatu ni wa kiume, na mtoto wa kiume humzuia ndugu wa marehemu asirithi kitu. Ndoa ikikanushwa, nasaba ya watoto nayo hukanushwa, na shamba la minazi pamoja na nyumba huhamia kwa ami zao. Binti mdogo, aliyekwisha poswa, ataozwa na kadhi kama mtu asiye na walii wa damu. Mama alipofika neno hilo alinyamaza kwa muda mrefu.

Tulipomuuliza polepole, alitaja jambo ambalo hakutaka kulitaja. Mwaka 1998 mumewe alikwenda bara kutafuta kazi, akakata masurufu kwa miezi mingi. Mama akamshtaki kwa kadhi. Mume aliitwa, akaja, akaamriwa alipe. Kisha wakapatana na wakaishi pamoja hadi alipofariki. Tangu siku ile shauri lile lilikuwa aibu ya nyumba, halizungumzwi. "Nitatoaje mbele za watu karatasi ya kumshtaki mume wangu?" alituuliza.

Nasi tukamwambia kwamba karatasi hiyo ndiyo aliyokuwa akiitafuta. Mtu hadaiwi masurufu ya mke asiye wake. Ikiwa mume alisimama mbele ya kadhi, akajibu madai, na hakuikana ndoa, basi kukiri kwake kumo katika faili, pamoja na majina ya watoto waliokwisha zaliwa wakati ule.

Wengi wetu tunadhani faili ya mahakama ni hukumu tu. Hukumu ni karatasi ya mwisho. Nyuma yake mna hati ya madai, majibu ya mdaiwa, viapo, maneno ya mashahidi kama kadhi alivyoyaandika, na mara nyingine vielelezo ambavyo wenyewe wamekwisha vipoteza. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 170, imezipa mahakama za kadhi mashauri ya hali ya mtu binafsi, ndoa, talaka na mirathi, pale ambapo pande zote ni Waislamu na zimekubali kusikizwa na mahakama hiyo. Kwa hiyo maisha ya ndani ya familia zetu yamelazwa katika rafu za masjala, kizazi juu ya kizazi.

Shida ni kuifikia rafu hiyo. Kutoka Pate mashua hupita Mkanda, na Mkanda haupitiki maji yakiwa yametoka. Anayekosea maji hulala mjini kwa gharama yake, na siku ya masjala imempita. Safari ya kwanza ya mama yetu ilikwenda bure namna hiyo. Alifika adhuhuri, akatamka jina lake dirishani, akaambiwa faili haipo. Hakuulizwa mwaka, wala hakufunguliwa daftari. Mahakama hiyo hatuitaji, maana tumeyasikia maneno hayo kutoka kwa wasomaji wa sehemu zaidi ya moja.

Kwa safari ya pili tulifuatana naye. Tulikuwa na barua fupi ya Kiswahili yenye majina ya pande zote mbili, aina ya shauri, mwaka, na sababu ya kuomba. Namba ya shauri hatukuwa nayo, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Lakini kila shauri linapofunguliwa huandikwa katika daftari la mwaka wake kwa utaratibu wa namba. Anayeujua mwaka anaweza kuomba daftari hilo lipitiwe jina kwa jina. Karani wa siku hiyo, Mwenyezi Mungu amlipe, alikubali kukaa nasi.

Tulipitia mwaka mzima tusione kitu. Kisha mama akakumbuka kwamba siku zile hakuwa akiitwa kama kitambulisho kinavyosema. Kitambulisho kinasema Aisha. Nyumbani ni Mwana Esha. Mume kitambulisho chake kilisema Abubakar, na mtaani akiitwa Bakari. Tukarudi ukurasa wa kwanza. Tulimpata mwezi wa Septemba, ameandikwa kwa neno moja, Mwanaesha, na jina la babu yake badala ya la baba. Ndugu msomaji, kabla hujatoka nyumbani andika kila namna ambayo jina lako na la mwenzio huweza kuandikwa, ukiyaweka na majina ya utani.

Baada ya namba kupatikana, mambo mengine yalikuwa mepesi. Faili ilitolewa stoo siku ya pili. Ada ililipwa kwa simu na risiti ikatoka. Fedha taslimu mkononi mwa mtu haina nafasi katika jambo hili. Tuliomba nakala iliyothibitishwa kwa mhuri, na tukasisitiza ipatikane ya mwenendo mzima wa shauri. Nakala ya amri peke yake ingalikuwa na mistari michache tu ya fedha za kulipwa.

Mwenye shauri ana haki ya faili yake. Ofisi ikimzungusha, ipo pia Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016. Ombi chini ya sheria hiyo huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, na jibu linatakiwa ndani ya siku 21. Asiyejua kuandika husema ombi lake kwa mdomo, na ni wajibu wa afisa kuliandika. Tungependa mama zetu walikariri jambo hilo, kwa kuwa wengi hurudi nyumbani kwa haya ya kutojua kalamu.

Ikiwa shauri lilikatiwa rufani, Mahakama Kuu nayo ina faili. Faili ikipotea kabisa, mahakama huweza kuombwa iijenge upya kwa nakala zilizo mikononi mwa wenyewe na mawakili wao. Yahusuyo malezi ya watoto huenda yakawa katika mahakama ya hakimu, na huko faili ya mtoto haifunguliwi kwa kila mtu. Ama talaka, Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inamtaka kadhi au sheikh aliyeithibitisha apeleke nakala kwa Msajili wa Ndoa. Basi mlango wa pili upo huko, hasa kwa talaka za karibuni.

Katika ukurasa wa nne wa mwenendo ule wa 1998, kwa mwandiko wa kadhi, mume anasema: huyu ni mke wangu, na watoto hawa wawili ni wangu, ila kazi imeniharibikia. Mama aliomba asomewe mara ya pili.

Mtoto wa tatu alizaliwa baadaye, na kwake bado itahitajika hoja ya kwamba wazazi walibaki katika ndoa ile ile. Majirani wawili wamekubali kutoa ushahidi. Nakala tatu zenye mhuri zimetolewa: moja iko kwa binti mkubwa Mombasa, moja kwa wakili, na moja imo kastani mwa mama. Shauri la mirathi limepangwa kusikizwa baada ya Mfungo Mosi. Mama amekwisha uliza siku hiyo itakuwa bamvua au maji mafu.